Elfu ishirini ya kutafuta

Mtu wa Shinyanga kulalamikia maji mengi ni jambo la kuchekwa, na nimechekwa vya kutosha. Sisi ndio tuliokua tukifukua mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, tunangoja maji yajikusanye taratibu mpaka ndoo ijae, na wengi wetu hatukupumua hadi mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yalipotufikia kwa bomba kutoka Ihelele, kule Misungwi. Leo mtu huyohuyo nakuja gazetini kusema kwamba kwa misimu miwili ya mvua nimekuwa natembea na bwawa kwenye buti.

Gari lenyewe ni Carina Ti, umri wake msiniulize. Nilistaafu ualimu, na shughuli kubwa iliyobaki ni kununua mchele Kahama na kumpelekea binti yangu mwenye duka Katoro, mkoani Geita. Napita Kakola, naingia Geita mjini, kisha Katoro. Siku moja ya Desemba tuliposhusha mzigo, gunia la chini likatoa harufu ya shuka lililosahauliwa kwenye beseni. Binti yangu alipolifungua, mchele wa chini ulikuwa umegeuka rangi na kushikana mabonge. Hakusema kitu. Alichota kiganja, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Nikainua zulia la buti, nikatoa ubao wa chini yake. Tairi ya spea ilikuwa imekaa kwenye maji, na ringi yake imeshaota kutu nyekundu.

Basi nikaenda gereji, Shinyanga mjini. Niseme ukweli: sikumwambia fundi atafute maji yanaingilia wapi. Nilimwambia, "Fundi, buti linaingiza maji, piga silikoni niondoke." Naye akafanya nilichoagiza. Maji yalikuwa yanatuama kona ya kushoto, kwa hiyo akapaka kona ya kushoto. Akapaka tena juu yake kwa kuniridhisha. Mvua iliyofuata bwawa likarudi.

Gereji ya pili walisema ni raba ya buti. Hoja ilikuwa nzuri, kwa sababu jua letu la kuanzia Juni mpaka Oktoba hukausha raba mpaka inakuwa ngumu kama ukanda wa kinu, na gari linapokaa miezi bila kuona tone, hakuna anayejua kama raba ilishakufa. Nikanunua raba, nikalipa na ufundi. Buti likawa linafunga kwa kishindo cha gari jipya, na maji yakaendelea kuingia. Gereji hiyohiyo, niliporudi na malalamiko, kijana mmoja akachukua drili akataka kutoboa sakafu pale inapolala spea ili maji yapate pa kutokea. Hapo nilikataa. Sakafu ile ina kizibo chake cha raba tayari, ukitaka kumwaga maji unakichomoa. Tundu la kudumu linaingiza vumbi la Kakola lote, linaingiza na moshi wa egzosi, na kingo zake zikianza kula kutu hazina breki. Isitoshe, mtu anayetoboa sakafu ameshakubali kwamba maji yataendelea kuingia. Anachofanya ni kuyaandalia mlango wa nyuma.

Nawasimulia haya kwa sababu nimehesabu. Silikoni, raba, ufundi mara mbili, mchele ulioharibika: laki na ushee. Katika fedha zote hizo hakuna hata shilingi moja niliyolipia kutafuta. Nililipia kupaka na kubadilisha. Na sidhani kama niko peke yangu. Nenda gereji yoyote usikilize wateja wanavyoongea: wanafika na ugonjwa na dawa mkononi. "Badilisha plagi." "Weka shokapu." "Piga silikoni." Fundi anayesema "ngoja kwanza niangalie" anaonekana hajui kazi, na akikaa saa nzima anaangalia bila kushika spana, mwenye gari anaanza kutazama saa. Mwisho wa siku atalipwa kwa spea aliyofunga, na saa ile ya kuangalia inahesabika kama uvivu. Kwa hiyo naye amejifunza kukisia haraka. Hapo fundi simlaumu kabisa, tumemfundisha sisi.

Kinachonishangaza ni kwamba ujinga huu tunaufanya sisi, watu wa ukanda huu, ambao tukifikiri vizuri tumelelewa na watafutaji. Mwadui ipo kwa sababu Dk. John Williamson, yule Mkanada, alizunguka mapori haya miaka kadhaa kabla ya kuipata almasi mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, lakini kabla ya gramu ya kwanza kutoka, kulikuwa na watu wa miamba waliotoboa ardhi tundu baada ya tundu, wakayapanga mawe yake kwenye visanduku na kuyapima. Matundu mengi ya namna hiyo huwa hayana kitu. Na hayo matupu yanalipiwa, tena bei ileile ya yaliyo na kitu. Nani alishasikia kampuni ya madini ikimwambia mtoboaji, "Hapa hukupata, kwa hiyo hatukulipi"?

Mtu atasema hizo ni kampuni. Haya, tuje kwa wachimbaji wadogo. Ndiko alikotoka fundi aliyenitibu.

Nilimpata Katoro, kwa kuelekezwa na jirani wa binti yangu. Mtu wa makamo, amefungua kibanda cha kunyoosha bodi na kupiga puti chini ya mwembe. Akanisalimia "mwangaluka" japo jua lilishavuka utosini, akazunguka gari mara moja, akafungua buti na kulifunga. Kisha akanitajia bei ambayo sijawahi kutajiwa gereji.

"Mwalimu, elfu ishirini ya kutafuta. Kuziba ni bei nyingine, na pengine haifiki elfu tano."

"Na usipopata?"

"Utanipa elfu ishirini."

"Ya nini sasa?"

"Si nitakuwa nimetafuta?"

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Binti yangu ndiye aliyenizuia, akinikumbusha bei ya gunia. Yule bwana hakubembeleza, alikaa kwenye tairi bovu akaanza kunieleza habari za duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Alishuka maduara miaka mingi kabla ya kushika nyundo ya bodi. Akasema duarani dhahabu isipoonekana hupati mgawo, hilo kila mtu analijua. Lakini kuna mtu anayeleta unga, maharage, tochi na mafuta ya pampu kila siku, dhahabu iwepo isiwepo, kwa sababu anayetafuta na njaa hachimbi mbali. Akaongeza la pili, ambalo ndilo lililonifanya nitoe pesa. Alisema maji ya duarani hayachuruziki pale yalipoingilia. Yanaingia kwenye ufa mmoja, yanatembea ndani ya mwamba, yanatokea mita nyingi mbele. Mjinga anaziba yanapotokea, na kesho yake yanatokea pembeni.

Kazi ilianza kwa kuvua kila kitu. Spea, jeki, zulia, ubao, mpaka zile plastiki za pembeni zinazofunika chuma. Tukakausha kwa matambara na kuliacha buti wazi juani saa nzima. Akaomba unga wa sembe. Nikamwambia unga ni chakula, chaki ninayo, maana bado nafundisha watoto wa mtaani jioni na pakiti haikosekani kwenye gari. Tukasaga chaki vipande kumi na kitu kwenye kopo, akaupuliza ule unga juu ya chuma chote cha nyuma na kwenye sakafu, ukatua kama umande mweupe. Tukang'oa kiti cha nyuma, na mimi nikatambaa ndani kupitia hapo na tochi ya simu, kichwa kikiwa butini na miguu kwenye siti. Wanaosafiri na michomoko kati ya Katoro na Geita, wanaopakiwa nyuma kwenye Probox kama mizigo, walinizoea siku hiyo. Walipita wakipunga mkono.

Nilitegemea atachukua mpira wa maji amwagie gari zima. Wala. Alichukua kopo lenye matundu na kuanzia chini, kwenye bampa. Dakika tano hapo tu. "Unaona?" "Kavu." Akapanda kwenye taa ya pleti namba. Kavu. Nikamuuliza kwa nini asianze juu ambako mvua inaanzia. Akasema ukianza juu maji yanateremka kila mahali, na kila mahali patakuwa na hatia. Ukianza chini ukapanda, pa kwanza kulowa ndipo penyewe.

Akafika kwenye taa ya kushoto, upande wa bwawa letu. Akamwaga mpaka kopo la tatu. Chaki haikuguswa. Nikaanza kuihesabu elfu ishirini yangu.

Taa ya kulia: kama dakika mbili hivi zimepita, nikaona doa la kijivu kwenye chaki nyuma ya taa, dogo kama punje ya ulezi. Likavimba. Likateleza kidogo, likasita, likashika ule mshono ambapo mabati mawili yameungana nyuma ya buti. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Maji hayakudondoka. Yalitembea juu ya mshono kama mdudu juu ya kamba, kutoka kulia kwenda kushoto, yakiacha mstari kwenye chaki, yakavuka upana wote wa gari na kuangukia kona ya kushoto. Na kwa nini kushoto? Kwa sababu nyumbani naegesha gari kando ya ua, ambako ardhi imeinama, magurudumu ya kushoto yakiwa chini kuliko ya kulia. Pale kwa fundi, bila mimi kufikiri, nilikuwa nimeegesha vilevile ukingoni mwa mtaro. Misimu miwili nimepaka silikoni kwenye mwisho wa safari ya maji.

Taa ilipotolewa tulikuta nati moja haipo, na kati ya taa na bodi kulikuwa na sponji ya godoro. Godoro kabisa. Kuna siku kabla yangu gari lile liligongwa nyuma, likapigwa rangi, na aliyerudisha taa alikosa sponji yake akakata ya godoro. Sponji ya taa haitakiwi kunywa maji. Ya godoro inakunywa, inashiba, kisha inatapika kwa ndani. Rangi ya buti ilikuwa nzuri sana, lazima niseme.

Kuziba kulichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii. Alikata tyubu ya lori kwa umbo la taa, tabaka mbili, akapitisha silikoni nyembamba, akatafuta nati inayolingana kwenye kopo lake la vyuma, akakaza zote kwa zamu ili taa isikae upande. Elfu nne. Kisha, kabla sijauliza, akamwaga tena maji palepale kwa dakika kumi huku mimi nikichungulia chaki mpya.

Najua pingamizi. Tukianza kulipia kutafuta, mafundi wasio waaminifu watakaa kivulini na kutuchaji kwa kukuna kichwa. Ni kweli, wapo. Ila dawa yake niliiona kwa macho: fundi anionyeshe maji yakiingia kabla hajaziba, na anionyeshe hayaingii baada ya kuziba. Akiweza la kwanza amepata. Asipoweza, basi angalau niwe nimeona amefika wapi na pamebaki wapi, maana bampa na taa ya kushoto zilizokuwa kavu nazo zilikuwa habari niliyoilipia. Kilicho ghali ni kukisia, na tunakinunua kila siku kwa sababu kinakuja kimefungashwa na spea mpya yenye boksi. Ningependa kuona bei ya kutafuta imeandikwa ukutani gereji, kama ile ya kubadilisha oili. Na ningependa sisi wateja tufike na dalili tu, dawa tuwaachie mafundi wenyewe. Nilifundisha miaka zaidi ya thelathini nikiwakata maksi watoto walioandika jibu bila kuonyesha njia, halafu nikaenda gereji nikadai jibu tupu.

Nililipa elfu ishirini na nne, nikaomba chaki isifutwe. Wakati wa kurudi, mvua ilinikuta karibu na Kakola, mvua ya kweli, ile inayofanya madereva wa malori waegeshe. Nilivumilia kama nusu saa, nikashindwa. Nikasimama kando, nikashuka na kofia, nikafungua buti. Chaki ilikuwa nyeupe kila kona, kushoto na kulia, kavu kabisa. Niliinama nikiitazama kwa furaha kwa muda ambao siwezi kuutaja, mpaka nilipoona madoa ya kijivu yanaota yenyewe sakafuni, moja, mawili, kumi, na nikakumbuka kwamba mfuniko wa buti niliushika mimi juu ya kichwa na mvua ilikuwa inanyesha.