Cheti Ukutani, Mwenyewe Yuko Wapi?

Katika famasi yo yote ya nchi yetu hapana budi pawe na mfamasia msimamizi, mtu mwenye jina na cheti. Ndivyo itakavyo Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Lakini umezuka mtindo ambao Baraza la Famasi limepata kuukemea hadharani, nao ni wa kukodisha vyeti: jina la mfamasia limetundikwa dukani, naye mwenyewe anakaa mji mwingine akingojea fedha zake za mwezi. Twalisema jambo hili tukiwafikiria hasa wafanyakazi wa ukanda wa dhahabu, tangu Bugarama na Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hata Geita.

Cheti hicho hakikupatikana bure. Ni miaka minne ya chuo kikuu, na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi chini ya uangalizi, ndipo Baraza limsajili mtu. Elimu hiyo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 1974, na sehemu kubwa ya gharama zake imebebwa na wakulima na wafanyakazi wa nchi hii. Anayekikodisha anauza mali ambayo si yake peke yake.

Na kazi yenyewe ni ipi? Ni kuhakiki maandishi ya daktari, kuangalia dawa mbili zisigombane mwilini, kupima kiasi kimfaacho mtoto mchanga au mama mjamzito, kufungia dawa za hatari na kuziandika daftarini. Tena ni kukataa kuuza. Hii ya mwisho ndiyo kubwa, na ndiyo isiyoweza kufanywa na karatasi.

Tumtazame mchimbaji anayetoka duarani na kikohozi. Vumbi la mwamba hudhuru mapafu, na mapafu yaliyodhurika hushikwa upesi na kifua kikuu. Anafika dukani usiku, anataka vidonge vinne vya kuua vijidudu, kwa kuwa fedha yake yatosha vinne tu. Anauziwa. Kikohozi kinapungua, kinarudi, naye analala kambini pamoja na wenzake wanane akiwaambukiza, na vijidudu vingine mwilini mwake vinaizoea dawa ile. Mfamasia aliyepo angemwuliza amekohoa majuma mangapi, na kama usiku hutokwa jasho. Kisha angemwelekeza kituo cha afya akapimwe makohozi. Huko dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Tutaambiwa kwamba wafamasia ni wachache na hawapendi kukaa vijijini. Ni kweli. Lakini Serikali ililiona hilo zamani: mwaka 2003, mkoani Ruvuma, yalianzishwa maduka ya dawa muhimu, ambayo wauzaji wake hupewa mafunzo mafupi na kuruhusiwa dawa chache zilizotajwa. Mpango huo umekwisha enea nchini. Basi tajiri asiyempata mfamasia anayo njia ya halali. Akiacha njia hiyo akaandika "Famasi" mlangoni, akauza kila kitu, anawadanganya watu.

Twamwonea huruma pia binti anayesimama kwenye meza ya kuuzia. Mshahara wake ni mdogo, na tajiri humhesabia mauzo kila jioni. Dawa ikimdhuru mtu, yeye ndiye wa kwanza kukamatwa, ilhali mwenye cheti hata sura yake haijulikani mtaani. Vyama vya wafanyakazi vingefanya vema kulitazama jambo hili.

Wakaguzi wa Baraza hawawezi kulala kila kijiji. Matawi yetu yako kila kijiji. Mwanachama anayeingia famasi ana haki ya kulisoma jina lililo ukutani na kuuliza kama mwenyewe yumo kazini leo. Na kama mwenye duka ni mwanachama mwenzetu, basi aulizwe yeye kwanza.