KUFUNGA GRUPU SI KUCHUNGA KONDOO



Kuna tabia imeingia katika magrupu yetu ya WhatsApp ya kanisa na lazima tuikemee. Mshirika anauliza swali moja, na kabla ya jioni grupu imefungwa, wanaoandika ni maadmini peke yao. Aliyeuliza ameondolewa. Halafu tunaambiwa, "Tunalinda amani." Amani gani hiyo? Hata makaburini kuna kimya.

Soma 1 Wakorintho 14. Ibada ya Korintho ilikuwa na kelele kuliko grupu yako: huyu anaimba, yule anatabiri, mwingine ananena kwa lugha. Je, Paulo aliwafunga wote midomo? La! Aliwapa utaratibu: waseme wachache kwa zamu, na wanaosikiliza wapime.

Najua kuna atakayesema, "Basi Pasta, kila mtu atume anachotaka." Sijasema hivyo. Kundi lisilo na mchungaji huliwa na mbwa mwitu. Ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upate muujiza", futa. Mungu hahitaji bando zako ndipo akubariki. Picha ya mgonjwa kitandani bila ruhusa yake, futa. Matusi ya kikabila, futa mara moja. Nchi hii ilionja mwaka wa 2007 na 2008 jinsi ujumbe wa simu unavyochochea moto. "Ombi la maombi" ambalo ni umbea juu ya ndoa ya dada fulani, futa, kisha mpigie simu aliyeandika. Usimwaibishe mbele ya watu wote.

Mathayo 18 iko wazi: ndugu akikukosea, mwendee mkiwa wawili tu. Kanisa huambiwa baadaye, akikataa kusikia. Kwa hivyo grupu si mahali pa kuanzia mashtaka.

Lakini usiitumie Mathayo 18 kumnyamazisha mama anayeuliza pesa za harambee zilienda wapi! Hiyo si siri ya watu wawili. Alichanga mbele ya wote, ajibiwe mbele ya wote. Soma 2 Wakorintho 8: mchango ulipokusanywa, makanisa yenyewe yalichagua ndugu wa kusafiri nao, na Paulo akakubali ili asilaumiwe. Kama mtume alikubali kuangaliwa, wewe admini unaficha nini?

Andikeni sheria chache za grupu, zimbane pasta sawa na mshirika. Ukifuta ujumbe, sema kwa nini. Na ukimwondoa mtu, mtafute. Mchungaji wa Luka 15 aliacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Sisi tunamwondoa huyo mmoja kwa kidole, kisha tunakesha tukiomba uamsho!

Admini, fungua grupu leo. Lile swali bado halijajibiwa.