Baridi Yabisi: Jina Linalotuponza

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kwenye insha zetu tunaipachika hata mahali isipohitajika. Leo nina neno nayo. Yako maradhi ambayo mgonjwa akiyapa subira hayamvutii heri yoyote ile, bali humpinda vidole. Maradhi yenyewe ndiyo haya tunayoyaita baridi yabisi, na maoni yangu ni kwamba jina hilo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu wetu wakae nyumbani wakingoja jua liwake, ilhali viungo vyao vinaliwa ndani kwa ndani.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Baridi mwaijua, hasa sisi wa Limuru ambao mwezi wa Julai huingia darasani na sweta mbili na meno bado yanagongana. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kavu au gumu. Lanikumbusha matabibu wa kale wa Kiyunani na wa Kiarabu, waliougawa mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevu, kila ugonjwa ukawekwa kwenye fungu lake. Siwacheki, hayo yalikuwa maarifa ya zama zao. Lakini mtu wa leo akisikia "baridi" hafikirii hospitali hata kidogo. Anafikiria blanketi, chai ya tangawizi na jiko la makaa karibu na miguu. Anajiambia ati Agosti ikiisha atapona.

Kama baridi ndiyo ingekuwa chanzo, basi watu wa Mombasa na Garissa wasingeyajua maradhi haya. Lakini wanayajua, na jasho lao linawatiririka! Ni kweli wapo wagonjwa ambao maumivu huwazidi siku za baridi, wala sibishani nao. Ila kuzidisha maumivu ni jambo moja, na kuleta ugonjwa ni jambo jingine.

Kosa la pili ni kutia maradhi yote ya viungo katika kapu moja. Kuna kule kuchakaa kwa viungo ambako huwapata sana wazee, gegedu ya goti au nyonga inapolika kadiri miaka inavyosonga. Kuna gauti, inayotokana na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, ambayo mara nyingi huanza kwa kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Hiyo ndiyo inayowafanya jirani zetu wamkataze kila mwenye maumivu asile nyama. Na kuna hii ninayoizungumzia, ambayo madaktari huiita rumatoidi athraitisi. Katika hii, askari wa mwili, yaani ile kinga tuliyofunzwa katika Bayolojia, hukosea adui. Badala ya kupigana na viini huushambulia utando ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, ukawa mnene, ukaanza kuila gegedu na hata mfupa. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi wakiwa na umri wa kati, watu wenye watoto wa kulisha. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya kuupata. Hata watoto wana aina yao, inayoanza kabla ya miaka kumi na sita, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa wa kina shosho pekee.

Nayajua haya kwa sababu mama yangu anayo. Ameniruhusu kuandika, akasema niandike yote, ila nisitie chumvi.

Mama ni mchumaji wa majani chai. Kazi hiyo ni ya vidole: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kutwa nzima, na malipo ni kwa kilo. Mnamo Februari 2023 alianza kuamka na vidole vigumu kama kuni mbichi. Vifundo vya mikono yote miwili vikavimba. Shosho akasema ni baridi ya umande, amekanyaga majani yenye maji miaka mingi. Jirani akaleta mafuta ya kuchua. Mchuuzi mmoja wa stendi ya matatu akamuuzia poda ya kijani iliyokuwa ndani ya chupa ya soda, isiyo na jina wala tarehe. Zahanati moja ikamdunga sindano, akapata nafuu siku nne, akaimba jikoni. Siku ya tano ikawa yale yale. Alirudi pale mara tatu, na mara zote tatu alidungwa ile ile bila mtu kumtazama vidole.

Kufikia mwaka wa 2024 kilo zake zilikuwa zimepungua nusu. Mimi nikawa naamka saa kumi na nusu alfajiri kuwasha jiko, kumfunga vifungo vya sweta na kumfungulia mfuniko wa chupa ya chai, kisha ndipo nishike njia ya shule. Siandiki haya ili nionewe huruma. Wengi wenu mnaosoma shule za kutwa mna kazi zenu za alfajiri, wala hamjaziandika gazetini. Nayaandika ili mjue maana ya kuchelewa.

Aliyegundua ni afisa wa kliniki kijana katika hospitali nyingine, Desemba 2024. Hakuanza kwa dawa. Alimshika mama mkono, akaubana kwa upole pale vidole vinapoanzia, na mama akaruka. Kisha akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miezi ishirini na miwili:

"Mama, ukiamka asubuhi, vidole vinalegea baada ya muda gani?"

"Hadi saa nne hivi, daktari. Saa nne ndipo naweza kushika kitu."

"Na unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Yule kijana akaiweka kalamu chini. Akamwandikia barua ya kwenda Nairobi siku iyo hiyo.

Sasa nije kwenye hoja yangu, nayo ni hii: mtu asingoje. Wataalamu wa viungo wa Ulaya wamependekeza kwamba mgonjwa wa aina hii aonwe na daktari bingwa kabla ya wiki sita kupita tangu uvimbe uanze, na dawa zenyewe zianze ndani ya miezi mitatu. Wiki sita! Sisi wiki sita hatujamaliza hata chupa ya kwanza ya mafuta ya kuchua. Sababu yao ni kwamba uharibifu wa mfupa huanza mapema, na mfupa ulioliwa haurudi. Dawa huuzima moto, lakini haijengi upya chumba kilichoungua. Mama anazo dawa zaidi ya mwaka sasa na uvimbe umeshuka, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vimekaa upande na vitakaa hivyo.

Nitaambiwa, "Wewe mtoto, kila anayeumwa na kidole akimbilie daktari, foleni itafika wapi?" La, sisemi kila kidole. Ukilima shamba Jumamosi na Jumapili mikono ikauma, pumzika, itapoa. Lakini kama vifundo vimevimba, tena vimevimba mikono yote miwili, au vidole vya miguu vyote vinakuuma ukikanyaga sakafu asubuhi. Kama ule ugumu wa asubuhi unapita nusu saa kila siku. Kama umekuwa mchovu bila sababu na majuma mawili matatu yamepita hali ni ile ile, hapo huna la kungoja. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, na mwili una homa, usilale nyumbani usiku huo, kwa maana huenda ni usaha ndani ya kiungo, na huo huharibu kwa siku chache tu.

Ukifika huko, uliza. Mwambie daktari muda wa ugumu wa asubuhi hata kama hajakuuliza. Jua pia kwamba eksirei ya mwanzo yaweza kuwa safi, na kile kipimo cha damu chaweza kusema hapana kwa mtu ambaye kweli anao ugonjwa. Wapo waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi iliyosema hapana, ilhali vifundo vilikuwa vinasema ndiyo.

Hoja ya pesa ndiyo nzito, na siidharau. Madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache mno nchini Kenya na wengi wako Nairobi. Sisi wa Limuru tuna bahati, matatu moja tu. Anayetoka Lodwar je? Kujiandikisha kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ni jambo la busara, ingawa nauli na siku za kazi zilizopotea ni zako mwenyewe. Lakini nilikaa na mama tukapiga hesabu nyuma ya daftari langu la Hisabati: mafuta, vidonge vya maumivu, sindano, ile poda ya chupa. Ilipita shilingi 19,000, bila kuhesabu kilo za chai ambazo hakuchuma. Vile vidonge vya maumivu navyo, vikimezwa kwa muda mrefu bila mwangalizi, huchimba tumbo na kuumiza figo. Kwa hivyo anayesema hana pesa za hospitali mara nyingi anazitoa zote, ila anazitoa kidogo kidogo kwa watu wasiomtibu.

Dawa aliyopewa mama inaitwa methotrekseti. Si uvumbuzi wa jana, kwani Marekani iliidhinisha itumike kwa maradhi haya mwaka wa 1988. Lakini yataka nidhamu, na hapa naomba wenye wagonjwa nyumbani wasome polepole. Humezwa mara moja kwa juma. Si kwa siku, kwa juma! Anayeimeza kila siku anaweza kufa. Mama humeza Jumapili jioni na mimi hutia alama kwenye kalenda, kisha siku nyingine humeza asidi ya foliki ya kupunguza madhara. Damu hupimwa kila baada ya muda ili kuangalia ini na chembe za damu. Pombe hapana, au kidogo mno kwa ruhusa ya daktari. Mwanamke anayetaka kupata mtoto lazima amweleze daktari mapema, kwa sababu dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Na mgonjwa akipata homa, vidonda mdomoni au akaanza kukohoa na kupungukiwa na pumzi, arudi hospitalini upesi, asisubiri tarehe ya kliniki. Jambo jingine ni kwamba haifanyi kazi mara moja. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Wengi huitupa wiki ya tatu wakisema imeshindwa. Mama naye alitaka kuitupa. Shosho, yule yule wa umande, ndiye aliyemkataza.

Yuko mtu mmoja ambaye napenda kumtaja kwa mama anapokata tamaa. Ni Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa kwanza duniani kumpandikizia mtu moyo wa mtu mwingine, tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town. Wengi hawajui kwamba alikuwa na ugonjwa huu huu, tena aliambiwa anao mwaka wa 1956, miaka kumi na mmoja kabla ya upasuaji ule. Mikono ilimlazimisha kuacha kupasua mwaka wa 1983. Mama husikiliza kisha husema, "Huyo alikuwa daktari, mwanangu, alijua pa kwenda." Sijapata jibu la kumpa.

Mama hachumi chai tena. Anapika mandazi na mimi hukanda unga usiku, maana kukanda ndiko kunakomshinda. Kukata na kukaanga anaweza. Asubuhi hivi anashika kikombe saa kumi na mbili.

Sasa ombi langu kwa Chama. Tarehe 12 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya maradhi ya viungo, na mwalimu mlezi amekubali nipewe dakika tano paredini juma hilo. Kwa hisani ya wahariri, natafuta mwenzangu wa kidato chochote mwenye kipaji cha kuchora. Anichoree kwenye manila mikono miwili, kwa ukubwa wa kuonekana hata na walio nyuma, na kwenye vifundo atie rangi nyekundu. Juu yake nitaandika lile swali la yule afisa wa kliniki. Manila na rangi ninazo.