Maji ya Mombasa, Hasara ya Litein

Kuna neno ambalo tumelisikia mara nyingi kwenye vituo vya kununulia majani chai, nalo ni kwamba mafuriko ya Pwani ni shida ya watu wa Pwani. Sisi wa Kericho na Bomet, tulio juu milimani, tuna taabu zetu za kututosha. Kwa heshima zote, twawaambia wasemao hivyo kwamba wamekosea. Mkulima wa chai ana mguu mmoja shambani na mguu wa pili Mombasa.

Na tuyafuate majani hatua kwa hatua. Yakiisha kuchumwa, sharti yafikishwe kiwandani upesi kabla hayajaharibika. Yakiisha kusagwa na kukaushwa, iwe ni Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, hufungwa katika mifuko na kusafirishwa zaidi ya kilomita 700 hadi maghala ya Mombasa. Huko ndiko uliko mnada wa chai tangu mwaka 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi. Siku hizi wanunuzi hutaja bei kwa kompyuta, lakini chai yenyewe bado yalala ghalani, na bado yangoja meli.

Basi maji yakifurika Pwani, barabara ikikatika au reli ikizama, lori letu hukwama njiani. Chai hunyonya unyevu upesi. Ikipata maji haina mnunuzi. Hata ile iliyosalimika, ikichelewa kufika, fedha zake nazo huchelewa, huku gharama za usafiri na ghala zikiendelea kuhesabiwa. Ni nani alipaye gharama hizo? Viwanda vya wakulima wadogo havina mfuko mwingine ila mfuko wa mkulima. Kila gharama hukatwa kwanza, ndipo kinachobaki kikaitwa bonasi.

Nyuma ya mkulima yuko mwenye duka. Yeye huuza sukari, mafuta ya taa na sare za shule kwa mkopo, akiandika majina katika daftari la madeni, akitumaini kwamba bonasi ikilipwa majina yatafutwa. Nyuma yake yuko fundi cherehani, mama wa hoteli ndogo, na kijana wa bodaboda. Bonasi ikipungua, hawa wote hupungukiwa. Hakuna maji yaliyoingia mlangoni mwao, hakuna aliyekuja kuwapiga picha, wala hawamo katika hesabu ya waathiriwa. Lakini hasara wameilipa.

Wazee wetu wakumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa ilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, na bidhaa zikakwama pande zote mbili. Hata uchaguzi mkuu wa Desemba 1997 haukusalimika, kwani vifaa vya kura vilichelewa na upigaji kura ukaongezewa siku. Baada ya hapo nchi ilikopa fedha za Benki ya Dunia ili kutengeneza yaliyobomoka. Deni la namna hiyo hulipwa na kila mnunuzi wa kiberiti, awe wa Mombasa au wa Sotik.

Je, tulijifunza? Mapema Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba, kwa taarifa mpya ya wataalamu wa hali ya hewa, El Niño ya kuleta maangamizi haingekuwapo. Mwezi uliofuata mvua zilifurika Mombasa, Kwale na Kilifi, na treni za mizigo kutoka bandarini zikasimamishwa kwa muda. Wakenya wengi walipoteza maisha katika msimu ule, na wengi zaidi katika masika ya 2024. Wasomaji wetu wa makanisani wamjua Yusufu aliyekuwa Misri. Alipopata onyo la njaa alijenga maghala wakati wa shibe, wala hakungoja njaa ndipo aunde kamati.

Hatusemi kwamba serikali ndiyo iletayo mvua. Mvua ni ya Mungu. Mtaro ni wa serikali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mifereji ya maji ya mvua mijini. Barabara kuu zimewekwa chini ya serikali ya kitaifa, na maafa yamewekwa mikononi mwa zote mbili. Yaani mtaro ukiziba na barabara ikakatika, wakubwa wawili wataoneshana vidole, na mwananchi atasimama katikati akilowa.

Wala tusijitoe lawamani. Katika miji yetu wenyewe tumeona vibanda vimejengwa juu ya mifereji, na tumenyamaza kwa kuwa mwenye kibanda ni jamaa yetu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sisi tumejenga kuta nyingi.

Lakini tuna haki ambazo hatujazitumia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Haisemi kwamba ni lazima mwombaji awe mkazi wa kaunti anayoiandikia. Mkulima wa Konoin aweza kuiuliza Kaunti ya Mombasa: mwaka huu mmetenga kiasi gani kwa mifereji, na mmekitumiaje? Aweza kuiuliza serikali ya kitaifa habari ya fedha za dharura. Aweza pia kuwauliza wakurugenzi wa kiwanda chake kama chai yake ina bima tangu itokapo langoni hadi iuzwe. Tena Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Kwa hiyo twatoa ombi moja kwa vikundi vyetu, kuanzia Kaplong hata Litein. Kabla ya mvua za vuli, kila kikundi cha kanisa na kila kituo cha majani kiandike barua moja, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na siku 21 zihesabiwe. Pasipo jibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tulipodai vyama vingi hatukudai wingi wa bendera; tulidai serikali inayojibu ikiulizwa. Mageuzi yasiyoweza kumjibu mchuma chai juu ya mtaro wa Mombasa bado hayajamfikia.