Benga si muziki wa matanga

Wacha niseme mapema ndio mkasirike mapema: kama unaita benga muziki wa matanga, hujawahi kuisikiliza. Umeisikia tu, ukiwa kwa hema unangoja chakula.

Wiki jana nilitoka Migori kwenda Homa Bay kumwona Dani. Awendo, Rongo, Rodi Kopany, njia nzima masikioni ni "The King of History" ya D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati. Ni nyimbo za miaka ya 1970, zikasafishwa, Sterns ya London ikazitoa upya 2010. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaenda, ajali ya barabarani Kisumu, 2006.

Kuna wajuaji husema santuri ikisafishwa inapoteza roho, ati ile kwarukwaru ndio utamu. Zii. Kwarukwaru ni vumbi. Sasa nasikia besi ikitembea chini, na gitaa likimjibu mwimbaji kama mtu wanabishana. Hizi zilitoka kwa santuri ndogo, dakika chache kila upande, wimbo ukinoga unageuza sahani. Hazikupangwa kuwa albamu moja. Lakini zisikilize mfululizo, halafu uniambie si hadithi moja.

Shida yangu ni ingine. Mimi ni mtoto wa Migori mjini, Dholuo yangu ni ya kuomba maji. Kwa matatu nilikuwa nafurahia gitaa tu, sawa na mzungu aliyeinunua London.

Nikamwekea Dani kwa simu. Kila saa: "Nyakwara, rudisha hapo." Anacheka peke yake, kisha anaeleza nani ametajwa, ni wa kijiji gani, na kwa nini watu walikuwa wanapiga kelele wakisikia hapo. Wimbo mmoja ulitumaliza saa nzima.

Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Aliimba siasa kwa mafumbo, wanyama na watu wa Biblia, na bado walimkamata, si mara moja. Juni 2024 tuliingia barabarani na mabango tukidhani sisi ndio wa kwanza kuambia serikali ukweli. Buda, kuna mtu alikuwa anafanya hiyo kazi na gitaa kabla wazazi wetu wajuane. Halafu sisi tunamweka kwa foleni ya pilau.

Sasa sikieni hii. Dani ana katoni ya santuri chini ya kitanda. Mjomba wangu amepata mnunuzi wa Nairobi, 200 kila moja, na anaona hiyo ni pesa ya bure. Nimeomba anipe mpaka Desemba. Mnaoniuliza kila siku niliacha chuo nifanye nini, jibu la mwezi huu ni hili: nakaa kando ya Dani na simu, narekodi maelezo. Ana miaka 81 na akichoka anasema tuache, tunaacha.

Tumefika santuri ya nne, upande wa pili. Narudi Jumamosi. Mjomba, kama unasoma hapa, usiguse hiyo katoni.