Anayeshika Bomba Siye Aliyenunua Dawa

Katika mashamba ya nyanya yanayozunguka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, anayebeba bomba mara nyingi si mwenye shamba. Ni kibarua wa kutwa, pengine mkimbizi aliyetoka Kongo au Burundi. Anakoroga dawa kwenye ndoo kwa kijiti, anajaza bomba, analitupia mgongoni huku mfuniko ukivuja. Jua likipanda, shati limeshalowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Kitambaa alichojifunga puani hakimfai sana, maana sumu nyingi za shambani humwingia mtu kupitia ngozi. Jioni shati hilohilo hufuliwa nyumbani kwa mikono mitupu.

Ukiuliza nani amlinde, jibu jepesi ni semina: vibarua wafundishwe kuvaa glavu na gambuti. Sipingi mafunzo. Lakini yakibaki peke yake, mzigo wote anatwishwa yule mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa ukosefu wa fedha, lilisitisha mgao wa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Mzazi aliyekatiwa mgao hawezi kumwambia tajiri kwamba hapulizi mpaka aletewe glavu. Akikataa, bomba litachukuliwa na mwenzake, naye atarudi kwa watoto bila unga.

Kwa wafugaji wa wilaya jirani ya Mbarara, shida ya dawa imekwenda mbali zaidi. Kupe wa huko wameshazoea dawa nyingi. Mfugaji akihofia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huongeza kipimo au huchanganya dawa mbili. Wapo hata wanaowapulizia ng'ombe dawa ya mimea. Kupe anabaki hai, na mchungaji ndiye anayeumia: mate na jasho vinamtoka, macho yanaingia ukungu, misuli inamtetemeka. Hizo ni dalili za sumu ya jamii ya oganofosfati, nayo huweza kuua. Hapo glavu ni kinga ya mwisho kabisa. Kinachotakiwa kwanza ni daktari wa mifugo aseme dawa ipi bado inafanya kazi, ili zizi lisipigwe sumu juu ya sumu.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkimbizi naye anaruhusiwa kufanya kazi Uganda, kwa hiyo ulinzi huo ni wake pia. Lakini shamba la ekari moja halina ofisi wala daftari la wafanyakazi, na kibarua aliyelipwa jioni hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliajiriwa.

Mwenye shamba naye asikilizwe. Wengi ni wakulima wadogo, na wengine ni wakimbizi waliokodi kipande cha ardhi. Asipopuliza, ukungu unamaliza nyanya. Bei ikianguka, hasara ni yake. Hata hivyo, aliyepata pesa ya kununua chupa ya sumu hawezi kudai kwamba glavu ndizo zimemshinda. Glavu ni sehemu ya gharama ya dawa, kama yalivyo mafuta kwa mwenye pikipiki.

Kwa maoni yangu pa kuanzia ni dukani, kwa sababu maduka ya dawa yanahesabika, mashamba hayahesabiki. Lebo imeandikwa Kiingereza, lugha ambayo wapulizaji wengi wa Nakivale hawaisomi. Mwenye duka anaweza kumweleza mnunuzi kwa Kiswahili au Kinyarwanda maana ya utepe wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kupita zote.

Basi mamlaka za Isingiro na Mbarara ziweke sharti kwenye leseni: duka lisilo na glavu na gambuti lisiuze dawa, na muuzaji aeleze kipimo kwa lugha ya mnunuzi. Maofisa wa kazi nao wafike mashambani msimu wa kupuliza, wasingoje mpaka mtu alazwe hospitali ya rufaa ya Mbarara.