Shingo Imekosa Nini?

Mwandishi mmoja anadai kuwa bega huganda kwa sababu pingili za shingo zimehama, na kwamba mnyoosha mgongo akizialisha, mkono utainuka. Ni mafundisho ya D. D. Palmer, aliyeanzisha fani ya kunyoosha mgongo Marekani mwaka 1895 akijigamba kumrudishia mtu usikivu kwa kumsukuma mgongo.

Kinachoganda ni mfuko unaozunguka kiungo cha bega: huvimba, hunenepa, husinyaa. Alisha shingo mpaka jirani asikie, mfuko hautalegea.

Kituko hasa ni ushahidi wake: mgonjwa alinyooshwa mwaka mmoja na nusu, akapona. Ajabu! Maradhi haya mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hesabu hiyo, hata aliyekuwa akimjulia hali kila Jumatatu anadai ada yake.

Sindano ya steroidi, anasema, "inafunika maumivu tu". Inapunguza uvimbe, hasa miezi ya mwanzo, mgonjwa akaweza kufanya mazoezi. Kisukari, kinachoongeza sana hatari ya bega kuganda, hakukitaja hata kidogo.

Msomaji, kabla hujalipia shingo yako kualishwa, kapime sukari.